libvirt, Proxmox, Incus, VirtualBox au Xen: ipi iendeshe mashine pepe kwenye seva yako ya Linux?

Ukianza kuuliza namna ya kuendesha mashine pepe (kompyuta nzima inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine) kwenye seva ya Linux, ubishi utakaoukuta kwanza ni wa kasi: ipi inakimbia kuliko mwenzake? Ubishi huo haukufikishi mbali. libvirt, Proxmox na Incus zote zinatumia injini ileile, yaani KVM iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), huku QEMU ikiigiza vifaa vilivyobaki kama diski, kadi ya mtandao na skrini. Mashine yenye mipangilio sawa ya prosesa na diski haijali imewashwa na ipi kati ya hizo tatu.

Tofauti iko kwingine kabisa. Seva hiyo ina kazi nyingine, au umeitenga kwa mashine pepe tu? Na nani anaitawala, wewe au programu utakayoweka? Ukijibu hayo mawili kwa ukweli, nusu ya chaguo zinaanguka zenyewe kabla hujafungua terminali.

## Kwanza, seva yenyewe inaweza?

Zamani kuendesha mfumo ndani ya mfumo kulikuwa kazi ya kutafsiri maelekezo ya prosesa kwa programu, na ndivyo QEMU ya Fabrice Bellard ilivyoanza mwaka 2003. Intel walitoa prosesa zenye VT-x mwaka 2005, AMD wakafuata na ya kwao mwaka 2006, na Februari 2007 KVM ikaingia kwenye kerneli toleo la 2.6.20. Tangu hapo kazi nzito inafanywa na prosesa yenyewe, mradi iwe imeruhusiwa. Hakiki hivi:

```
grep -E -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo
ls -l /dev/kvm
```

Alama ya `vmx` ni ya Intel, `svm` ni ya AMD. Ukipata 0 kwenye seva unayoweza kuigusa, au `/dev/kvm` haipo, ingia kwenye BIOS utafute VT-x au SVM. Mara nyingi imezimwa tu. Ukipata 0 kwenye VPS, maana yake seva yako yenyewe ni mashine pepe ndani ya seva ya mtu mwingine, na mwenye nayo hajaruhusu mashine ndani ya mashine. Usihangaike nayo. QEMU itawaka hata bila KVM, lakini kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Hapo tumia kontena (mazingira yaliyotengwa yanayotumia kerneli ya seva yenyewe), au hamia kwenye seva nzima.

La pili ni RAM, na hili watu hulipuuza. Prosesa unaweza kuigawa kupita kiasi bila madhara makubwa: viini 8 vikahudumia mashine zenye jumla ya viini 20, maana nyingi hukaa zimelala. RAM haina huruma hiyo. Ikiisha, kerneli ya mwenyeji, yaani seva yenyewe, inatafuta mchakato mnono zaidi wa kuua, na kwenye seva ya namna hii mchakato mnono zaidi ni mashine pepe yako kubwa, pengine ndiyo yenye hifadhidata. Inazimika ghafla, na ndani ya mashine yenyewe hutakuta kumbukumbu yoyote ya kilichotokea. Utaikuta kwa mwenyeji, kwenye `dmesg`. Basi jumlisha RAM ya mashine zako zote, mwachie mwenyeji ya kwake, ndipo uchague programu.

## libvirt: seva ikiwa na kazi zake tayari

Chukua seva ambayo tayari ina Debian au AlmaLinux, ina tovuti, ina faili za watu, ina kinga ya mtandao uliyoipanga mwenyewe. Hutaki kuifuta. Unataka kuongeza mashine pepe mbili tatu pembeni. Kwa hali hiyo libvirt haina mpinzani. Ni pakeji chache tu kutoka kwenye distro yako mwenyewe, zinasasishwa pamoja na vitu vingine, na zisipotumika hazisumbui mtu. Kwenye Debian:

```
apt install qemu-system libvirt-daemon-system virtinst
```

Kisha mashine ya kwanza:

```
virt-install --name majaribio --memory 2048 --vcpus 2 \
  --disk size=20 --osinfo debian12 \
  --location https://deb.debian.org/debian/dists/bookworm/main/installer-amd64/ \
  --graphics none --extra-args "console=ttyS0"
```

Mstari wa `--location` una sababu yake. Anayeanza kwa kawaida hupakua faili la ISO, akaweka `--cdrom` pamoja na `--graphics none`, akabaki anatazama terminali tupu akidhani mashine imekwama. Haijakwama. Kisakinishi kinaandika kwenye skrini ambayo haipo. Ukitumia `--location`, virt-install inaichomoa kerneli ya kisakinishi na kuiambia iandike kwenye `ttyS0`, na maandishi yanakujia hapohapo kwenye SSH. Njia fupi zaidi ni kuchukua diski iliyokwisha kusakinishwa, zile za cloud zinazotolewa na Debian, Ubuntu na wengine, ukaiingiza kwa `--import` na kumpa mtumiaji na ufunguo wake wa SSH kwa `--cloud-init`. Baada ya dakika moja hivi uko ndani.

Mtego mwingine wa siku za mwanzo: umeunda mashine kama root, kesho yake unaandika `virsh list --all` kama mtumiaji wa kawaida, orodha inatoka tupu. Mashine zipo. Ni kwamba mtumiaji wa kawaida kwenye distro nyingi anaunganishwa na `qemu:///session`, ilhali mashine zako ziko `qemu:///system`. Jiweke kwenye kundi la `libvirt`, na uitaje anwani hiyo kwa `-c`.

Na majina ya amri yamewatia watu kiwewe bure. `virsh destroy` haiharibu chochote. Inachomoa umeme wa mashine, basi. Inayofuta kweli ni `virsh undefine` ukiiongezea `--remove-all-storage`, ambayo jina lake halitishi hata kidogo. Sijui nani aliyeona huo ni mpangilio mzuri.

Kwa wasiopenda terminali, kuna virt-manager, ambayo unaiweka kwenye kompyuta yako na kuiunganisha na seva kupitia SSH, au Cockpit pamoja na pakeji ya cockpit-machines, inayofunguka kwenye kivinjari kupitia bandari 9090. Red Hat wenyewe walishaiweka virt-manager kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kuachwa tangu RHEL 8, wakaelekeza watu Cockpit. Ukweli ni kwamba Cockpit bado haifanyi kila kitu ambacho virt-manager inafanya. Kwa mambo ya ndani zaidi utarudi kwenye `virsh edit` na faili la XML.

Udhaifu wa libvirt ni kwamba inakuachia mambo mengi uyajenge mwenyewe. Mtandao ndio wa kwanza. Kwa kawaida inakupa daraja (swichi ya mtandao ya kiprogramu) la `virbr0` lenye anwani za 192.168.122.0/24 nyuma ya NAT. Mashine zinatoka nje vizuri, lakini wa nje haingii. (Kwenye Debian mtandao huo hata hauwaki wenyewe, unaandika `virsh net-start default` na `virsh net-autostart default`.) Ukitaka mashine zionekane kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta kamili, unajenga daraja lako, tuseme `br0`, unaiingiza kadi ya mtandao humo na kuhamishia anwani ya seva kwenye daraja. Hii ni kazi ya dakika kumi ukiwa mbele ya seva, na ni kazi ya kujifungia nje ukiifanya kwa SSH bila njia nyingine ya kuingilia.

Daraja haliendi na Wi-Fi, kwa sababu kifaa cha Wi-Fi hakikubali fremu zenye anwani za MAC ambazo hazikujiunga nacho. Kwenye seva za kukodi pia, kampuni nyingi huzuia anwani za MAC wasizozijua, kwa hiyo huko utabaki na NAT au uelekeze trafiki mwenyewe. Na kama seva ileile ina Docker, jiandae: Docker inaweka sera ya FORWARD kuwa DROP kwenye kinga ya mtandao, na mashine zako zilizoko kwenye `br0` zinanyamaza ghafla bila kosa lolote kuonekana kwenye libvirt. Watu wamepoteza siku nzima wakiichokonoa libvirt wakati tatizo liko kwa jirani yake.

## Proxmox: seva ikiwa yako nzima

Proxmox VE inatengenezwa na kampuni ya Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Ni Debian iliyobadilishwa kerneli na kuongezewa kiolesura cha kivinjari kwenye bandari 8006. Unaiwasha kutoka kwenye USB, inafuta diski uliyoichagua, inauliza nenosiri na anwani ya IP, inajizima na kujiwasha, na kuanzia hapo seva hiyo ni ya mashine pepe na kontena za LXC. Inawezekana kuisakinisha juu ya Debian iliyopo, lakini ukijikuta unataka kufanya hivyo ili seva iendelee na kazi zake nyingine, chukua hiyo kama dalili kwamba ulihitaji libvirt.

Mambo yaliyokuwa kazi kule, hapa yamekwisha fanywa. Daraja `vmbr0` linaundwa wakati wa usakinishaji, kwa hiyo mashine ya kwanza inaingia kwenye mtandao wa ofisi bila wewe kugusa chochote. Diski unaweza kuzipanga kwa ZFS au LVM-thin, mifumo miwili ya kuhifadhi data, hapohapo kwenye kisakinishi. Unabofya, unapakia ISO, unajibu kurasa chache, mashine nambari 100 inawaka na skrini yake unaiona ndani ya kivinjari.

Lakini kinachoibeba Proxmox hasa, kwa maoni yangu, ni bakapu. Unachagua mashine, unachagua siku na saa, unaeleza nakala ngapi zihifadhiwe, imekwisha. Mashine inaendelea kufanya kazi wakati nakala inachukuliwa. Ukiongeza Proxmox Backup Server kwenye kompyuta nyingine, nakala zinazofuata zinabeba vipande vilivyobadilika tu, na unaweza kurudisha faili moja bila kurudisha mashine nzima. Kwa libvirt hayo yote yanawezekana: kuna `virsh backup-begin`, kuna snapshoti za nje (picha ya hali ya diski kwa wakati fulani) na `blockcommit`, kuna programu za watu zinazoyaunganisha. Ila utayaunganisha wewe, utayajaribu wewe, na siku diski imekufa utagundua wewe kama uliyaunganisha sawasawa. Mtu asiye na muda wa kulea hati zake za bakapu achague Proxmox kwa sababu hii moja, hata kama nyingine zote hazimgusi.

Tahadhari moja kuhusu snapshoti, kwa pande zote mbili: si bakapu. Iko kwenye diski ileile. Diski ikifa, snapshoti nayo imekwenda.

Sasa kero zake. Ukiingia bila kulipia, dirisha dogo linakukumbusha kila mara kwamba huna usajili. Si kosa na halizuii kitu. Programu ni huria chini ya leseni ya AGPL, na unabadilisha hazina ya pakeji kutoka ile ya kulipia kwenda ya `no-subscription`. Usipoibadilisha, sasisho hazitakuja, utapata kosa la 401 kila ukiandika `apt update`.

Nyingine ni aina ya prosesa. Proxmox haiwapi wageni, yaani mashine pepe, prosesa halisi ya seva. Inawapa iliyopunguzwa ili mashine iweze kuhamishwa kwenda seva nyingine yenye prosesa tofauti bila kuanguka. Zamani ilikuwa `kvm64`, na tangu toleo la 8 mashine mpya hupewa `x86-64-v2-AES`. Hili linaonekana la kitaalamu mno mpaka siku unasakinisha RHEL 10, inayodai prosesa ya kiwango cha v3, na kerneli inaanguka hata kabla kisakinishi hakijafunguka. Wenye kvm64 walikumbana na jambo hilohilo RHEL 9 ilipoanza kudai v2. Dawa ni kubadilisha aina ya prosesa iwe `host`, na kwa seva moja isiyo na wenzake hakuna sababu ya kutofanya hivyo tangu mwanzo.

Halafu klasta. Kuunganisha seva kadhaa za Proxmox ni rahisi kiasi kwamba watu huunganisha mbili na kudhani wamepata usalama. Klasta inafanya kazi kwa wingi wa kura. Zikiwa nodi mbili na moja ikazimika, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, ambayo si wingi, na usanidi wake unajifunga: unasomeka tu. Mashine zinazoendelea zitaendelea, lakini huwezi kuwasha nyingine wala kubadilisha kitu. Ama uwe na nodi tatu, ama uweke QDevice, programu ndogo kwenye kompyuta yoyote ya tatu inayopiga kura tu. Ukiwa na mbili na huna mpango huo, ziache kila moja kivyake.

Kuhusu ZFS: ni nzuri, lakini kwa kawaida yake inaweza kutumia sehemu kubwa ya RAM kama akiba ya kusomea. Kisakinishi cha Proxmox siku hizi kinaweka kikomo cha chini zaidi. Aliyesakinisha toleo la zamani akague mwenyewe. Kwenye seva ya RAM GB 16, LVM-thin inakuachia nafasi zaidi ya mashine.

## Incus: kwa anayewasha na kufuta mara kumi kwa siku

Incus ilizaliwa Agosti 2023 kutoka kwenye LXD, mwezi mmoja baada ya Canonical, wenye Ubuntu, kuichukua LXD moja kwa moja chini yao. Toleo la 6.0 la muda mrefu lilitoka Aprili 2024. Wengi wanaijua kwa kontena, wakasahau kwamba inaendesha mashine pepe kamili pia, kwa KVM ileile:

```
incus launch images:debian/12 majaribio --vm \
  -c limits.cpu=2 -c limits.memory=2GiB
incus exec majaribio -- bash
```

Amri mbili, uko ndani kama root. Hakuna kisakinishi, hakuna SSH, hakuna nenosiri. Linganisha na ule mstari mrefu wa virt-install hapo juu. Amri zilezile bila `--vm` zinakupa kontena, kwa hiyo unachagua mashine kwa mashine: inayohitaji kerneli yake iwe mashine pepe, isiyohitaji iwe kontena isiyokula RAM. Na kama libvirt, inakaa juu ya distro uliyonayo bila kuifukuza. Debian 13 inayo kwenye hazina zake.

Mipaka yake inaonekana ukitoka nje ya picha zake zilizotengenezwa tayari. Kusakinisha Windows kunawezekana lakini ISO inabidi itayarishwe kwanza ili iwe na madereva ya virtio, yaani ya vifaa pepe vya diski na mtandao. Diski ya mashine ni GB 10 usipoeleza vingine, na wengi hugundua siku imejaa. Secure Boot imewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo mfumo ambao kerneli yake haina saini hautawaka mpaka uweke `security.secureboot=false`; ujumbe wa kosa si wa kueleweka haraka. Kiolesura cha kivinjari kipo lakini ni cha kuongeza. Anayefurahia terminali ataipenda. Anayemkabidhi mwenzake ofisini asiyejua Linux sana, ampe Proxmox.

Na LXD? Ipo, inaendelea. Ila ilibadilishwa leseni Desemba 2023, na hazina kubwa ya picha za jumuiya iliifungia mlango mwaka uliofuata. Kwa kazi mpya sioni sababu ya kuanza nayo, isipokuwa kama ofisi yako nzima ni ya Ubuntu na inalipia huduma ya Canonical.

## VirtualBox: ibaki kwenye laptop

Wengi tumejifunzia hapo, na ndiyo maana wengi hujaribu kuipeleka kwenye seva. Inawezekana: `VBoxManage startvm majaribio --type headless`, mashine inawaka bila skrini. Tatizo ni kwamba inategemea moduli zake zenyewe za kerneli, ambazo zinajengwa upya kila kerneli inaposasishwa. Seva ikijisasisha usiku na ujenzi ukashindikana, asubuhi hakuna mashine hata moja iliyowaka. Secure Boot ikiwepo, moduli hizo lazima uzitie saini pia.

Halafu haipatani na KVM. Zote mbili zinataka kushika VT-x, na haziwezi kuishika kwa wakati mmoja. Kuanzia kerneli 6.12, KVM inaishika mara tu moduli yake inapopakiwa, kwa hiyo VirtualBox inaweza kukataa na `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE` hata kama hujawasha mashine yoyote ya KVM. Kuna dawa, `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Swali ni kwa nini uhangaike kuizuia KVM iliyomo tayari ili utumie kitu cha pembeni kinachofanya kazi ileile. Tena kuona skrini ya mashine kwa mbali kwa RDP kunahitaji Extension Pack, ambayo leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi, elimu na majaribio, si ya biashara.

## Xen

Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, na ilikuwa msingi wa EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, ilipoanza mwaka 2006. Haikai ndani ya Linux. Inakaa chini yake. Linux unayoiona wakati wa kuingia ni dom0, mashine yenye upendeleo wa kusimamia wenzake. Kutenganisha huko ndiko kunakofanya Qubes OS iitumie hadi leo kwa ajili ya usalama. Amazon nao mwaka 2017 walianza kuhamia Nitro, iliyojengwa juu ya KVM.

Ukiitaka Xen leo kwenye seva yako, usiijenge kwa mkono; chukua XCP-ng, ambayo kampuni ya Vates ya Ufaransa ilianza kuitoa mwaka 2018, na uiendeshe kwa Xen Orchestra. Ni kazi safi na bakapu zake ni nzuri. Wanaofaidika zaidi nayo ni waliokuwa na XenServer, wenye mashine na mazoea tayari. Anayeanza bila chochote atapata Proxmox ikiwa na watumiaji wengi zaidi wa kuwauliza maswali, na hilo saa nane za usiku lina thamani kuliko usanifu.

## Nichague ipi, basi?

Seva moja yenye kazi zake, mashine mbili tatu za ziada: libvirt, na Cockpit kama unapenda kubofya. Hata usiwaze.

Seva tupu, mashine tano na kuendelea, zipo za Windows, na kuna mtu mwingine atakayezisimamia ukiwa likizo: Proxmox. Weka bakapu siku hiyohiyo ya kwanza, kwenye kifaa kingine.

Unajaribu programu, unahitaji Debian safi sasa hivi na baada ya saa moja uitupe: Incus. Hapa hata libvirt inachosha.

Unajifunza kwa ajili ya kazi? Hapa nitatofautiana na wengi wanaosema "anza na Proxmox, ni rahisi". Anza na libvirt. Utalazimika kujua daraja ni nini, virtio ni nini, kwa nini qcow2 (faili la diski ya mashine pepe) ya GB 20 inaonekana ina GB 2 kwenye diski mpaka siku inapokua na kujaza folda ya `/var/lib/libvirt/images`. Ukihamia Proxmox baada ya hapo utaelewa kila kitufe kinafanya nini nyuma ya pazia. Aliyeanzia kwenye vitufe hukwama siku vitufe vinapokataa.

Iwapo unachelewa kuamua kwa hofu ya kukosea, gharama ya kubadili mawazo si kubwa. Diski ya libvirt ni faili la qcow2. Unazima mashine, unanakili faili kwenda Proxmox, unaunda mashine isiyo na diski yenye nambari, tuseme 105, kisha:

```
qm importdisk 105 majaribio.qcow2 local-lvm
```

Diski hiyo itaonekana kama isiyotumika mpaka uiunganishe na mashine na kuiweka kwenye mpangilio wa kuwaka. Baada ya hapo mashine ya Linux kwa kawaida inawaka bila tatizo, ila jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika ndani yake, kwa mfano kutoka `enp1s0` kwenda `ens18`, na anwani ya IP uliyoiandika kwa jina la zamani haitashika. Ingia kwa skrini ya kivinjari, rekebisha, maliza. Anayetoka VirtualBox anageuza kwanza faili la VDI kwa `qemu-img convert -O qcow2`. Mashine ya Windows ndiyo ya kuangalia: isakinishie madereva ya virtio ikiwa bado iko kule ilikozoea, au kwa mara ya kwanza iunganishe diski kama SATA. Ukiiwasha juu ya diski ya virtio bila dereva, itakuonyesha skrini ya bluu yenye `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, na hapo inabidi urudishe diski kwenye SATA, uiwashe, uweke dereva, ndipo uirudishe tena virtio.